Njaa ya Anayekua

Umatengoni, mkoani Ruvuma, paka hafugwi kwa ajili ya mapambo. Mahindi yakishavunwa, mwezi wa saba kuelekea wa nane, nyumba nyingi za kijiji chetu cha Litembo hugeuka ghala. Magunia hupangwa chumbani, vihenge hujazwa, na maharage yaliyotoka kwenye ngoro, yale mashimo ya kulimia ya mteremkoni, hupata kona yake. Panya nao wanaujua msimu huo kuliko sisi. Shamba likibaki mabua na baridi ya milimani ikikaza, hufuata nafaka ndani ya nyumba. Wapo wanaotegemea sumu ya dukani, lakini sumu haichagui: kuku akidonoa chambo hufa, na paka wa jirani akimla panya aliyelegea kwa sumu anaweza kufa naye. Ndiyo maana familia yenye busara hutafuta paka mapema, kabla gunia la kwanza halijaingia ndani.

Wetu alikuja wakati wa kuchuma kahawa, nilipokuwa nimerudi kijijini kumsaidia Bibi. Jirani alituletea jike mdogo, mweusi mwenye kifua cheupe, aliyezaliwa siku chache baada ya Pasaka. Alikuwa na umri wa miezi miwili hivi. Watoto wa nyumbani walimpa jina jioni ileile: Hashibi. Alimaliza kilichokuwa kwenye kibakuli, akaenda kwenye bakuli la mbwa, akarudi jikoni kulia miguuni pa kila aliyeshika tonge. Usiku tulisikia mfuniko wa sufuria ukianguka. Asubuhi, kabla moto haujawashwa, alikuwa ameshakaa kando ya mafiga akidai chakula kwa sauti kubwa kuliko umbo lake.

Swali la kumpa kiasi gani likagawanya nyumba. Bibi alikuwa na msimamo wa siku nyingi. "Mjukuu wangu, paka aliyeshiba ni mgeni wa jikoni. Mpe kidogo, mengine akayatafute mwenyewe." Watoto walimpa kila alicholilia: ugali, maharage, maganda ya viazi, hata uji. Kila upande ulikuwa na huruma yake. Bibi aliwahurumia watu na akiba yao. Watoto walimhurumia mnyama anayelia. Lakini hakuna upande uliokuwa na kipimo, na mimi niliona kwamba bila kipimo ubishi ule ungeendelea hadi paka azeeke.

Kipimo alituletea shangazi yangu. Alifanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliitumia kwenye kliniki ya watoto, akiwaning'iniza kwenye mizani na kujaza kadi zao. Alifika kumjulia hali Bibi, akasikiliza mabishano yetu yote akiwa amempakata Hashibi, kisha akauliza swali moja: "Ana kilo ngapi?"

Tukatazamana. Hakuna aliyejua.

"Mama huja kliniki akaniambia, mwanangu anakula sana," akasema. "Mwingine husema, wangu hali kabisa. Nawasikiliza wote wawili, lakini kwenye kadi siandiki maneno yao. Naandika uzito. Mwezi unaofuata naandika tena, halafu nautazama mstari unapanda, umelala, au unashuka. Huyo ndiye shahidi wangu."

Mizani haikosekani Litembo, maana hii ni nchi ya kahawa. Ile ya chama cha ushirika, hata hivyo, imetengenezwa kwa magunia. Paka mdogo hawezi kuitikisa. Tulikwenda dukani, kwenye mizani ya sahani mbili na mawe yake ya robo, nusu na kilo. Mwenye duka alipima kwanza kapu tupu, kisha kapu lenye Hashibi, likiwa limefunikwa kitambaa juu ili asiruke. Baada ya kuondoa uzito wa kapu, hakufika robo tatu ya kilo. Paka huzaliwa na gramu 100 hivi, na akitunzwa vizuri huongeza karibu gramu 100 kila wiki. Kwa hesabu hiyo, wa miezi miwili anatakiwa kukaribia gramu 900. Wetu alikuwa nyuma. Yule mlafi aliyesumbua nyumba nzima alikuwa amekonda.

Shangazi alitufundisha pia kumpima kwa vidole. Unaweka viganja viwili ubavuni mwa paka, taratibu, bila kubonyeza. Mbavu zake zikihesabika kirahisi chini ya utandu mwembamba wa mafuta, yuko sawa. Zikitokeza zenyewe, pamoja na mifupa ya mgongo, amekonda. Ukilazimika kubonyeza ndipo uzipate, amenenepa. Kisha unamtazama kwa juu: nyuma ya mbavu kiuno kinatakiwa kuingia kidogo. Kwa Hashibi, mbavu zilitokeza, manyoya yalikuwa makavu yamesimama, na chini yake tumbo lilikuwa limetuna na kukaza. Kwa paka mchanga, vitu hivyo vitatu vikikutana jibu huwa moja mara nyingi. "Huyu anakula na wenzake," akasema shangazi.

Minyoo ya paka haingoji mtoto aanze kula uchafu. Aina mojawapo hupita kwenye maziwa ya mama, ndiyo maana kitoto kisafi, kilichozaliwa ndani ya kikapu, hukua nayo. Inajikusanya kwenye utumbo mwembamba, inashiriki chakula kabla mwili haujakipata, na mwenye mwili hubaki na njaa isiyokatika. Tulimwita afisa mifugo wa kata. Alituuliza swali lilelile la uzito, kwa sababu dawa ya minyoo hutolewa kwa kilo, na ile ya mbuzi iliyobaki kwenye chupa si ya kumkadiria paka. Baadhi ya dawa hizo humdhuru kwa kipimo ambacho mbuzi hahisi chochote. Akampa yake, akaelekeza irudiwe baada ya wiki mbili, maana dawa huua minyoo iliyokomaa na kuacha michanga inayokuja nyuma. Kesho yake tukaiona kwenye kinyesi, mieupe na mirefu kama tambi. Watoto waliokuwa wakibishana na Bibi juu ya ugali walinyamaza, na tangu siku hiyo hakuna aliyegusa paka bila kunawa mikono kabla ya kula. Hilo nalo ni jambo la lazima, kwani mayai ya minyoo hiyo yakiingia tumboni mwa mtoto wa binadamu yanaweza kumwumiza.

Kumwondolea walaji wa chakula chake kulikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kujua mwili wake unadai nini, na hapa hesabu ilinishangaza. Mtu mzima hutumia kalori zisizofika 40 kwa siku kwa kila kilo ya mwili wake; nazungumzia zile kalori zinazoandikwa kwenye pakiti za biskuti. Mtoto mchanga wa binadamu hutumia kama 100 kwa kilo. Paka aliyetoka kuachishwa ziwa anahitaji takribani 200 au zaidi kwa kilo. Anajenga mifupa, misuli, meno na manyoya kwa wakati mmoja, anacheza kutwa nzima, na mwili mdogo hupoteza joto upesi. Katika Litembo ya mwezi wa sita na wa saba, joto hilo si la kupoteza. Kwa hiyo kilio chake hakikuwa tabia mbaya. Kilikuwa dai halali.

Lakini dai hilo halilipwi kwa ugali. Paka ni mla nyama kwa maumbile yake. Mbwa anaweza kuishi na makombo ya watu akasukuma siku, paka hawezi. Kuna kirutubisho kiitwacho taurini ambacho mwili wake hautengenezi cha kumtosha, akikikosa kwa muda mrefu macho hupofuka na moyo hulegea. Vitamini A nayo haitoi kwenye karoti wala mchicha kama sisi; lazima aipate ikiwa tayari, kutoka kwenye nyama, mayai au samaki. Mpe sahani ya ugali na maharage, tumbo litajaa na kwa muda kidogo atanyamaza. Kisha ataanza tena, kwa sababu mwili haujapata ulichoomba.

Shangazi aliposikia hayo alitikisa kichwa kwa huzuni, kwani hadithi hiyo aliijua kutoka upande mwingine. Mikoa yetu ya kusini na nyanda za juu, Ruvuma, Njombe, Iringa na Rukwa, ndiyo inayolisha nchi mahindi. Na kwa miaka mingi mikoa hiyohiyo imekuwa miongoni mwa inayoongoza kwa udumavu wa watoto. Ghala limejaa, mtoto ameshiba, na kimo hakipandi. Udumavu una sababu nyingi, maradhi ya mara kwa mara yakiwamo, lakini uji mtupu asubuhi na ugali usio na kitoweo cha maana jioni ni moja ya sababu hizo. Simlinganishi mtoto na paka. Nasema tu kwamba mwili wowote unaokua unajua tofauti ya kujazwa na kulishwa, na mizani huionyesha tofauti hiyo kabla jicho la mzazi halijaiona.

Bahati yetu ni kwamba ziwa haliko mbali. Kutoka vilele vya Umatengo ardhi inateremka hadi Ziwa Nyasa, na samaki wanapanda kutoka Mbamba Bay na Liuli hadi kwenye masoko ya milimani. Mkubwa wao kwa jina na mdogo wao kwa umbo ni usipa, dagaa wa Nyasa. Gramu 100 za usipa waliokauka vizuri zina kalori zinazozidi 300, na zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Hakuna chakula cha paka kinachopatikana kirahisi hivyo katika soko la Litembo.

Tulijifunza kuwaandaa kwa utaratibu. Wengi wao huanikwa mchangani, hivyo kwanza unawapepeta, kisha unawaosha kwa maji ya uvuguvugu mpaka maji yasibaki na mchanga chini. Unawachemsha kwenye kisufuria chao, bila chumvi na bila kitunguu. Kitunguu huharibu damu ya paka, hata kikiwa kimepikwa. Kuchemsha si anasa. Baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na moto hukiua. Ule mchuzi haumwagwi, maana taurini huyeyuka na kukimbilia majini. Unauchanganya na kipande kidogo cha ugali kilichopondwa kwa vidole. Vichwa ambavyo watu huvikata kwa sababu ya uchungu, paka anavila vyote. Kuku akichinjwa, firigisi, moyo na utumbo uliosafishwa na kupikwa ni vyake. Maini anapewa kidogo tu, kwa kuwa vitamini A ikizidi nayo ni sumu. Maziwa ya ng'ombe tuliyaacha, kwa sababu paka wengi wakishaachishwa huyashindwa wakaharisha, na anayeharisha hupoteza alichokula.

Kiasi sasa kilikuwa hesabu ya kawaida. Kwa paka wa kilo moja tulipanga gramu 40 za usipa wakavu kwa siku, na gramu 60 hivi za ugali. Jumla yake inakaribia kalori 200. Bibi alishtuka kusikia gramu, lakini tulipoziweka kwenye mizani na kuzigawa alitulia. Gramu 40 zikigawanywa mara nne ni konzi ndogo ya mkono wa mtoto kila mlo. Na kugawa ni sehemu ya kipimo chenyewe. Tumbo la paka mchanga ni dogo; porini paka hula mara nyingi kwa siku, windo dogo baada ya windo dogo. Ukimpa chakula cha siku nzima kwa mkupuo atakibugia, atatapika, na jioni atalia njaa mbele yako ukidhani hatosheki. Tukaweka milo minne: moto unapowashwa asubuhi, kabla ya kwenda shambani, tunaporudi, na kabla ya kulala. Milo ilipokuwa na saa zake, kelele za katikati zilipungua zenyewe.

Kila Jumamosi tulimrudisha dukani. Mwanzoni uzito ulipanda taratibu, kisha, baada ya dozi ya pili ya dawa, mstari ukaanza kupanda kwa kasi. Mmoja wa watoto aliuchora kwenye karatasi ya daftari na kuibandika ukutani jikoni. Uzito ukipanda inavyotakiwa na mbavu zikishikika vizuri, hatubadilishi kitu. Ukisimama, tunaongeza konzi na kutazama kinyesi. Hivyo ubishi ukaisha. Hakuna aliyemshinda mwenzake. Wote tulihamia kuangalia jambo moja.

Likabaki lile la Bibi kwamba aliyeshiba hawindi. Ni imani iliyoenea, na ina chembe ya ukweli, kwa kuwa paka mwenye njaa hutumia muda mrefu zaidi mawindoni. Lakini watafiti waliowahi kuwapa paka chakula kisha wakawaachia panya mbele yao waliona paka wakiacha kula, wakaenda kuua, wakarudi kwenye chakula chao. Kuwinda na kula, kwa paka, ni tamaa mbili tofauti. Na yapo mambo ambayo njaa haiwezi kuyatoa: nguvu ya kuruka, macho yanayoona gizani, subira ya kukaa kimya kando ya tundu. Aliyekonda anakimbilia mchuzi wa jikoni kwa sababu ndicho chakula asichohitaji nguvu kukipata. Hashibi alipotimiza miezi minne alileta panya wake wa kwanza sebuleni, akiwa ametoka kula. Bibi alimwangalia, akasema, "Basi apewe, kumbe anafanya kazi."

Panya mdogo wa nyumbani ana kalori 30 hivi, kwa hiyo mawindo nayo yaliingia kwenye hesabu. Siku alizopata panya wawili watatu alibakiza chakula, na hatukumlazimisha. Karibu na miezi sita mambo yakabadilika zaidi. Ukuaji hupungua, na mahitaji kwa kila kilo hushuka hadi nusu ya yale ya mwanzo. Akiwa mkubwa kabisa yatashuka hadi kalori 60 hivi kwa kilo. Anayeendelea kumpimia mkubwa kwa konzi za utotoni anamtafutia unene, na unene kwa paka huleta kisukari na maumivu ya viungo. Tulipunguza milo hadi miwili.

Kisha njaa ikarudi. Ghafla akawa analia kama zamani, na watoto wakakimbilia kusema minyoo. Bibi ndiye aliyemgeuza na kutuonyesha chuchu zilizokuwa zimeanza kuvimba na kuwa za waridi. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa bado na miezi mitano au sita, na hubeba kwa wiki tisa hivi. Safari hii njaa ilidai kuongezewa, tena zaidi pale anaponyonyesha, maana mama wa vitoto vinne vitano huhitaji mara mbili hata tatu ya chakula chake cha kawaida. Sauti ilikuwa ileile, kisufuria kilekile, lakini sababu nyingine kabisa. Kama tungekuwa tumezoea kujibu sauti tu, tungempa dawa ya minyoo mnyama aliyekuwa anahitaji samaki.

Hapo ndipo fundisho zima lilipo kwangu. Sauti ya njaa ni kengele, inatuita tukaangalie. Haituambii tutakuta nini. Nyuma ya kilio kimoja kunaweza kuwa na ukuaji, minyoo, chakula kilichojaza bila kulisha, milo iliyo mbali mno, au mimba. Na kila sababu ina jibu lake, jingine la kuongeza, jingine la kubadilisha, jingine la kutibu. Wanaosema "mpe tu" na wanaosema "mnyime ajitafutie" wanafanana kwa jambo moja: wote wameamua kabla ya kumgusa anayelia.

Kwa hiyo, kama unachukua paka msimu huu ili alinde mahindi yako, fanya haya. Mpime siku anayoingia, umpapase mbavu na tumbo. Mwite afisa mifugo kwa dawa ya minyoo na, muda wake ukifika, chanjo ya kichaa cha mbwa, ambacho kinampata na paka. Ondoa sumu ya panya nyumbani. Mpe samaki au nyama iliyopikwa bila chumvi, kidogo kidogo, mara nne kwa siku hadi afikishe miezi minne, mara tatu hadi miezi sita, kisha mara mbili. Mrudishe kwenye mizani kila wiki. Akipanda vizuri, muache. Akisimama, tafuta sababu kabla ya kujaza bakuli. Mwili wake utakwambia kiasi, na hautakudanganya.